Mbio za gari: siku za mashindano huendaje, na kwa nini barabara hufungwa?

Kila mbio za Safari Rally zinapofanyika Kenya, hutufikia maswali kutoka Wawi na shehia za jirani. Msikilizaji anasikia redioni kuwa dereva fulani anaongoza kwa sekunde 20, lakini hajui sekunde hizo zimehesabiwa vipi. Je, gari zinakimbia pamoja? Anayefika mwanzo ndiye mshindi? Na vipi dereva aliyeongoza tangu Ijumaa akose ushindi Jumapili?

Katika makala haya tunaeleza siku za mashindano zinavyokwenda, hatua kwa hatua. Mwishoni tunazungumzia jambo linalotuhusu sisi wa Pemba moja kwa moja, ingawa hapa kwetu mbio hizo hazipiti.

Kuna mbio za aina ngapi?

Ziko nyingi, lakini kwa kuelewa habari za redioni inatosha kujua mbili.

Aina ya kwanza ni mbio za uwanjani. Gari zote huanza kwa pamoja na kuzunguka njia moja ya lami, na anayemaliza mizunguko mwanzo ndiye mshindi. Humo ndimo yalimo mashindano ya gari zenye umbo la gari za kawaida za nyumbani, ambazo ndani yake zimetengenezwa upya kwa ajili ya mbio. Mashindano ya Uingereza ya aina hiyo yalianza mwaka 1958. Kwa miaka mingi utaratibu wake umekuwa huu: Jumamosi ni mazoezi na kupanga nafasi za kuanzia, Jumapili ni mbio tatu fupi. Katika mbio ya tatu, baadhi ya waliofanya vizuri hurudishwa nyuma kwenye mstari wa kuanzia, ili asishinde mtu mmoja siku nzima.

Aina ya pili ni rali. Hapa gari haziondoki pamoja. Kila moja huondoka peke yake, zikipishana kwa dakika kadhaa, na hukimbia dhidi ya saa. Anayetangulia kufika si lazima awe mshindi. Mshindi ni yule ambaye muda wake wote ukijumlishwa ni mdogo kuliko wa wenzake. Safari Rally ni ya aina hii.

Safari Rally ilianza vipi?

Ilianza mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Wakati huo mbio zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo ni mashindano yaliyokuwa ya Afrika Mashariki nzima kabla hayajabaki Kenya peke yake katika miaka ya 1970.

Historia yake ina majina ya watu wa kwetu. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 akiendesha Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, na ushindi wake wa kwanza aliupata kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na kuhamia Kenya, alishinda mara tano: mwaka 1973, kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mwaka 1994 alishinda Ian Duncan wa Kenya.

Ugumu wa njia ulikuwa mkubwa mno. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni gari 7 tu zilizofika mwisho. Nyingine zote zilikwama kwenye tope, zikavunjika au zikachelewa kupita kiasi.

Safari iliingia kwenye ubingwa wa dunia wa rali mwaka 1973, ikatoka baada ya mbio za mwaka 2002, na ikarudi mwaka 2021. Mwaka 2024 ilihamishwa kutoka Juni hadi Machi. Ndiyo maana mwaka 2024 na 2025 wengi wetu tulifuatilia matokeo tukiwa kwenye mfungo wa Ramadhani.

Siku za mashindano huendaje?

Kabla ya mbio, kila dereva na msoma ramani wake huruhusiwa kupita kila njia mara mbili, kwa mwendo mdogo uliowekwa. Wakipita, msoma ramani huandika kila kona, kila shimo na kila mwinuko. Siku ya mbio humsomea dereva maandishi hayo kupitia vipaza sauti vilivyomo ndani ya kofia zao. Kwa hiyo dereva huendesha kwa kusikia pia, maana pengine kona ameishaikata kabla hajaiona vizuri. Msoma ramani akiruka mstari mmoja, gari inaweza kutoka njiani.

Alhamisi ni siku ya ufunguzi. Kwa miaka kadhaa tangu 2021 kulikuwa na mbio fupi ya Kasarani, Nairobi, ambapo gari mbili zilikimbia kwa wakati mmoja katika njia mbili zilizo ubavu kwa ubavu.

Ijumaa na Jumamosi ndizo siku ndefu. Gari hukimbia Naivasha, katika Bonde la Ufa, katika hatua kadhaa kila siku. Kila hatua ni kipande cha njia ya vumbi kilichofungwa, chenye mwanzo na mwisho unaopimwa kwa saa. Mwaka 2021 hatua zote zikijumlishwa zilikuwa kilomita 320 na kidogo. Kisiwa chetu cha Pemba kina urefu wa takriban kilomita 67, kwa hiyo ni kama kwenda kutoka ncha moja ya kisiwa hadi nyengine karibu mara tano, kwa kasi, juu ya mawe na vumbi linaloingia hata kwenye injini.

Jumapili ni siku ya kumaliza. Hatua ya mwisho, ambayo miaka hii imefanyika katika hifadhi ya Hell's Gate, hutoa pointi za ziada kwa watano wenye kasi zaidi.

Kati ya hatua na hatua kunafanyika nini?

Hapa ndipo wengi wetu tusipopajua. Hatua moja ikiisha, gari husafiri kwenda kwenye hatua nyengine kupitia barabara za kawaida, pamoja na malori, gari za abiria na bodaboda. Katika barabara hizo bingwa wa dunia hana haki kuliko mtu mwengine. Lazima afuate alama, awe na namba ya gari, na apunguze mwendo penye watu. Askari wa barabarani anaweza kumsimamisha, na waamuzi wa mashindano wanaweza kumwadhibu.

Vilevile amepangiwa dakika ya kufika kituoni. Akichelewa dakika moja anaongezewa sekunde 10 kwenye muda wake. Akiwahi dakika moja anaongezewa dakika nzima. Yaani kuwahi ni kosa kubwa zaidi kuliko kuchelewa. Kanuni hiyo imewekwa makusudi, ili asiwepo wa kukimbiza gari penye wananchi kwa kutafuta faida.

Mafundi nao wana mipaka. Wanaruhusiwa kuigusa gari katika kituo cha matengenezo tu, kwa dakika zilizopangwa. Gari ikiharibika njiani, ni dereva na msoma ramani wake wenyewe wanaoshuka na kutengeneza, kwa vifaa vilivyomo ndani ya gari.

Hilo linajibu swali la anayeongoza kukosa ushindi. Mwaka 2021 Thierry Neuville wa Ubelgiji aliamka Jumapili akiwa anaongoza kwa karibu dakika moja. Katika hatua ya kwanza ya asubuhi hiyo shokapu ya gari yake ikavunjika, na mbio zake zikaishia hapo. Sébastien Ogier wa Ufaransa, akiwa na Toyota, ndiye aliyeshinda, na Takamoto Katsuta wa Japani akawa wa pili. Kwenye Safari kasi peke yake haitoshi. Lazima gari ifike.

Kuhusu wanawake, tumeulizwa kama nao wanashiriki. Ndiyo. Mwaka 2022 Maxine Wahome wa Kenya alishinda daraja la WRC3 katika Safari Rally, akiwatangulia wanaume wa daraja hilo.

Usalama unalindwaje?

Zamani hatua za Safari zilikimbiwa kwenye barabara zilizo wazi. Gari ya mbio ingeweza kukutana na basi, baiskeli au kundi la ng'ombe. Timu tajiri zilirusha helikopta juu ya gari zao kumwonya dereva. Mwananchi wa kijijini hakuwa na helikopta ya kumwonya yeye.

Barani Ulaya nako msiba ulileta mabadiliko. Mwaka 1986, katika rali ya Ureno, gari iliwavamia watazamaji waliojipanga kandokando ya barabara, na watu watatu wakafa. Miezi michache baadaye dereva Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto walikufa katika rali ya kisiwa cha Corsica. Gari zenye nguvu za kundi lile zikapigwa marufuku kwenye ubingwa wa dunia kuanzia mwaka 1987.

Leo barabara ya hatua hufungwa kabisa. Kabla ya mshindani wa kwanza kuondoka, hupita gari za ukaguzi kuhakikisha hakuna mtu wala mnyama njiani. Watazamaji hutengewa mahali. Wasimamizi wakiona hatari, hatua husimamishwa au hufutwa. Gari ikipinduka, walio ndani hutakiwa kuonesha kibao. Kikiwa na neno OK, wako salama. Kikiwa na SOS, wanahitaji msaada, na dereva anayefuata ni lazima asimame hata kama alikuwa anaongoza. Muda anaoupoteza hufidiwa.

Ukienda kutazama mbio siku moja, Kenya au Tanzania Bara, yakumbuke haya: usisimame upande wa nje wa kona, maana gari ikiteleza huelekea huko. Usikae chini ya njia penye mteremko. Usivuke baada ya gari moja kupita ukidhani kuna nafasi, kwani vumbi huficha inayofuata. Na mtoto ashikwe mkono.

Sisi wa Pemba linatuhusu nini?

Barabara zetu hazifungwi. Ile inayopita Wawi kuelekea Chake Chake hutumiwa na mtoto anayekwenda skuli na chuoni, mzee anayetoka msikitini, mama mwenye tenga kichwani, ng'ombe na gari za abiria, wote kwa wakati mmoja. Msimu wa karafuu ukifika, majamvi hutandikwa pembeni mwa lami, na penye karafuu wapo watu walioinama kuchambua. Migongo yao imeelekea barabarani.

Kijana anayeshindana na mwenzake kwa pikipiki saa za magharibi hudhani anafanya kama wale wa Naivasha. Hafanyi kama wao. Wale wameipita njia yao mara mbili kwa mwendo mdogo kabla ya kukimbia. Wamevaa kofia na nguo zisizoshika moto, wamezungukwa na vyuma vya kuwalinda, daktari yuko karibu, na barabara haina mtu. Wakitoka hapo na kuingia barabara ya wananchi, wanapunguza mwendo kama dereva mwengine yeyote, na wakiwahi wanaadhibiwa.

Jambo hilo abiria pia anaweza kulisema. Dereva wa gari ya abiria anapofukuzana na mwenzake kugombania watu kituoni, aliyekaa ndani ana haki ya kumwambia apunguze. Mabingwa wa dunia wana kibao cha kuomba msaada na wenzao wana wajibu wa kusimama. Sisi tuna mdomo, na tuna namba za polisi.

Kwa wanaofuatilia mbio, matokeo yakisomwa tena redioni sikilizeni mambo matatu: jumla ya muda wa anayeongoza, tofauti yake na wa pili, na hatua ngapi zimebaki. Ukiyapata hayo matatu, umeipata habari yote. Na kama ni Safari, usimpe mtu ushindi kabla ya Jumapili.