Lenzi ya kamera

Lenzi ya kamera ni kifaa chenye vioo vilivyopangwa ili kukusanya nuru na kuunda picha juu ya filamu au kihisi. Uchaguzi wake hutegemea hasa umbali wa fokasi, unaopimwa kwa milimita (mm), na upana wa tundu linalopitisha nuru. Vipimo vifuatavyo vinahusu kihisi cha mm 36 kwa 24.

Lenzi pana, kwa mfano ya mm 24, huona pembe ya nyuzi 84 hivi. Inafaa mandhari, kama miamba ya Ziwa Viktoria mjini Musoma. Ikisogezwa karibu na uso wa mtu, hufanya pua ionekane kubwa mno. Kwa picha za watu hupendelewa mm 50 hadi 85.

Lenzi ya f/2 hupitisha nuru mara 4 kuliko ya f/4. Hivyo husaidia ndani ya majengo, kama Makumbusho ya Mwalimu Nyerere huko Butiama.

Lenzi ndefu ya mm 400 huona nyuzi 6 tu, na huvuta vitu vya mbali. Ndiyo inayohitajika katika Hifadhi ya Serengeti, ambayo huingiwa pia kwa geti la Ndabaka wilayani Bunda: mgeni haruhusiwi kushuka garini ili kumkaribia mnyama. Kwa kuwa lenzi hiyo hukuza pia mtikisiko, gari huzimwa na lenzi huegemezwa dirishani juu ya mfuko wa maharage.