Dengue: mbu wa mchana na pipa la maji la nyumbani

Wadau, mvua za masika zikianza hapa Dar huwa nasikia maneno yaleyale: "Mimi dengue hainipati, nalala kwenye chandarua." Jamani! Chandarua usiache, malaria bado ipo. Lakini anayeeneza dengue siyo yule mbu wa usiku. Ni Aedes, mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, na anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Yaani hapo ulipokaa kwenye kompyuta, miguu chini ya meza, ndo saa zake.

Ugonjwa siyo mgeni pwani, wazee wanauita kidingapopo. Dar ilipigwa mwaka 2014, ikapigwa tena 2019, maelfu ya watu wakaugua.

Sasa mbu huyu anazaliwa wapi? Wengi tunamtafuta kwenye mtaro mchafu wa barabarani. Mwenzetu anapenda maji yaliyotulia, mara nyingi masafi, tena karibu na watu: pipa la bafuni, simtanki lisilo na mfuniko, kisahani cha chungu cha maua, tairi bovu nyuma ya nyumba, kifuu cha nazi. Na maji tunayaweka ndani kwa sababu bomba halieleweki, siyo kwa kupenda. Kumwambia mtu wa uswahilini asihifadhi maji ni kumtania tu. Afunike. Hata kipande cha chandarua kikuukuu, kama hakijatoboka, ukikikaza na mpira mdomoni mwa pipa kinafanya kazi.

Kuna kitu kingine wengi hawakijui. Jike hutaga mayai kwenye ukuta wa pipa, juu kidogo ya maji. Mayai yale yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, na maji yakiyafikia yanaanguliwa. Kwa hiyo ukimwaga maji na kujaza mengine hujafanya kitu, lazima usugue kuta kwa brashi. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 mpaka 10, ndiyo maana kusugua ni kila wiki. Halafu haruki mbali, mara nyingi haondoki eneo la nyumba za jirani. Anayekuuma leo pengine amekulia kwenye pipa lako au la mpangaji mwenzako, kwa hiyo ongeeni.

Ukiugua, homa inakuja ghafla, kichwa, macho yanauma kwa nyuma, viungo vinauma, wengine wanatoka vipele. Usikimbilie duka la dawa kununua mseto kwa kubahatisha, kapime malaria na dengue. Dengue haina dawa ya kuua kirusi chake. Unatumia panadol kwa kipimo chake, unakunywa maji, madafu, uji, unapumzika. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki weka mbali kabisa, manake zinaongeza hatari ya kuvuja damu.

Hapa nisomeni taratibu. Homa ikishuka, mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 7, msishangilie haraka. Kwa wagonjwa wachache hatari inaanza hapohapo: tumbo linauma sana, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi au puani, choo cheusi, mgonjwa kulegea au kuhangaika. Ukiona mojawapo, hospitali muda uleule, hata kama ni saa nane usiku. Mkiambiwa "si homa imeisha, lala tu", msikubali.

Na wale wanaosema "mimi nimeshaugua, nimemaliza": virusi vya dengue viko aina 4. Kupona aina moja hakukukingi kwa muda mrefu dhidi ya nyingine, na mara ya pili inaweza kuwa kali zaidi.

Kwenye nyumba nyingi anayelala mchana ni mtoto mchanga. Mshushieni chandarua hata saa nne asubuhi.

Haya, kwenu mapipa mnafunika na nini? Semeni hapo chini, wengine tuige.