ANAYEKUDAI ASIMAME NJE YA MLANGO

  Leo nina neno kwa mtu mmoja anayesoma hapa huku akisikiliza kama pikipiki inasimama langoni. Umeambiwa, "Kesho tunakuja kwako." Usingizi umeisha.

Najua hali hiyo. Miaka michache iliyopita nilikopa karo kwenye kikundi, nikakopa tena kwenye simu ili nilipe kikundi. Siku afisa wa mkopo alipokuja na wanakikundi, nilifunga mlango na pazia, nikamtuma binti yangu aseme, "Baba hayuko." Alisema vizuri, bila kupepesa macho. Usiku huo sikulala. Si kwa sababu ya deni. Mimi mchungaji nilikuwa nimemfundisha mtoto wangu uongo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ndipo nikaanza kusoma. Nikakuta jambo hili lina historia ndefu, na Mungu alilisemea mapema.

Fungua Kumbukumbu la Torati 24, mstari wa 10 na 11. Torati inamwambia aliyekopesha kwamba asiingie nyumbani mwa mwenzake kuchukua rehani. Asimame nje, mwenye deni ndiye amletee. Mstari wa 6 unakataza kuchukua jiwe la kusagia, kwa maana hicho ndicho chakula cha nyumba. Mpendwa, Mungu hakufuta deni hapo. Aliyekopesha ana haki yake. Lakini mlango wa maskini aliuwekea mpaka.

Sisi Abagusii tulipaswa kulielewa neno hili haraka kuliko wengi. Wazee wetu walitufundisha chinsoni, ile heshima ya mipaka. Baba mzazi haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ikiwa mogaka aliyekuzaa anasimama nje na kuita, mtu wa kukudai ni nani hata aingie mpaka chumbani?

Lakini mipaka hiyo ilivunjwa. Waingereza walikuja kwetu kwa bunduki mwaka 1905, wakafungua kituo hapa Kisii mwaka 1907, na mwaka 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki afisa wao Northcote, wakarudi na jeshi. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa. Nayo kodi waliyoleta ilihesabiwa kwa nyumba. Mwenye wake wawili alidaiwa nyumba mbili. Nyumba yenyewe, mahali pa kulala na kupika, ikawa ndiyo deni. Wanaume wengi wakaacha boma zao, wakaenda kutafuta fedha za kodi kwenye mashamba ya wageni.

Wayahudi wa siku za Nehemia wangeielewa habari hiyo. Soma Nehemia 5. Wapo walioweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, na wapo waliokopa ili walipe kodi ya mfalme. Watoto wao wakawa watumwa. Nehemia hakuwaambia wavumilie tu. Aliwakasirikia wakopeshaji mbele ya mkutano wote, wakarudisha mashamba na nyumba, pamoja na riba.

Turudi kwetu. Novemba 2012 M-Shwari ilianza, na baada yake programu nyingi za mikopo kwenye simu. Mkopeshaji hakuhitaji tena kuja langoni. Aliingia kupitia simu yako, akasoma majina uliyohifadhi, akampigia mama mkwe wako, mwajiri wako, hata mchungaji wako. Nimepigiwa simu hizo. Mtu aliaibishwa mbele ya ukoo mzima kwa shilingi 2,000. Mwisho Bunge lilibadilisha sheria Desemba 2021, na Machi 2022 kanuni za Benki Kuu zikatoka. Mkopeshaji wa simu ni lazima awe na leseni. Amekatazwa vitisho, matusi, kukuaibisha hadharani, na kupigia watu walio kwenye simu yako ambao hawakukudhamini.

Na wa kuja nyumbani je? Sikiliza vizuri. Afisa wa mkopo anaweza kuja kuongea nawe. Hilo si kosa, lakini kuja kwake hakumpi ruhusa ya kubeba kochi lako. Dalali anayekuja kwa amri ya korti ni lazima awe na leseni. Kwanza anaandika orodha ya vitu, anakupa notisi ya siku 7 ya kulipa, ndipo arudi kuchukua. Mwambie akuonyeshe karatasi, na uisome. Tena Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, kifungu cha 44, inalinda nguo zako za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, na vifaa vya kazi yako ya mkono. Umeliona jiwe la kusagia hapo? Lakini kama ulitia sahihi kwamba televisheni au ng'ombe ndiye dhamana, hilo ni jambo lingine. Itafute karatasi uliyotia sahihi uisome leo, kabla hawajafika.

Na ninyi mlio kwenye vikundi, niwaseme kwa upendo. Nimeona kina mama waliomwimbia mwenzao Jumapili wakimbebea sufuria Jumanne. Najua na ninyi mmebanwa, maana asipolipa mnamlipia. Hata hivyo, simameni nje. Mwiteni, ongeeni naye.

Sasa wewe unayedaiwa. Zaburi ya 37 inamhesabu asiyelipa anachokopa pamoja na waovu, kwa hiyo usitumie ujumbe huu kukimbia deni. Katika 2 Wafalme 4 mjane alidaiwa, na mdai alikuwa njiani kuja kuchukua wanawe wawili. Hakujificha. Alimwendea Elisha akasema ukweli wote. Elisha akamuuliza ana nini nyumbani. Kisha yule mama akafunga mlango.

Hapo ndipo Roho alinishika. Yeye alifunga mlango na mimi nilifunga mlango. Mimi niliufunga ili nidanganye. Yeye aliufunga ili amimine mafuta, na watoto wake wakimletea vyombo. Alipotoka, neno la kwanza aliloambiwa ni kuuza na kulipa deni, ndipo waishi kwa kilichobaki.

Nilimwomba binti yangu msamaha. Kesho yake nilimpigia afisa mwenyewe, nikamwambia ninachoweza kulipa kila wiki, tukaandika. Ilichukua miezi 14. Ndizi zilisaidia, na mke wangu aliuza maziwa. Hakuna kochi lililotoka.

Kwa hiyo leo fanya mambo matatu. Mwambie mume au mke wako kiasi chote unachodaiwa. Mpigie anayekudai kabla hajaja. Angalia kilichomo nyumbani, hata kama ni chupa moja ya mafuta.

Baba, mkumbuke mwanao anayeogopa hodi. Mpe ujasiri wa kufungua mlango na kusema kweli, na umpe njia ya kulipa. Katika jina la Yesu.

Kama neno hili ni lako, andika AMINA, kisha upige ile simu.