Fiziotherapia: tiba inayoendelea baada ya mgonjwa kutoka hospitalini

Mfupa uliovunjika ukishaunga, jamaa wengi huamini kwamba matibabu yamekwisha. Sivyo. Katika Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Mulago, jijini Kampala, majeruhi wa ajali za bodaboda ni miongoni mwa wagonjwa wanaojaza wodi za mifupa. Kwao, kazi ya daktari mpasuaji hufuatwa na kazi nyingine iliyo ndefu zaidi: kurudisha uwezo wa kukunja goti, kusimama, kupanda ngazi na kwenda kutafuta riziki. Kazi hiyo ndiyo fiziotherapia, yaani tiba ya viungo.

Fiziotherapia ni nini?

Ni tawi la tiba linaloshughulikia mwendo na utendaji wa mwili. Mtaalamu wake hupima nguvu za misuli, kadiri viungo vinavyokunjuka, uthabiti wa mgonjwa anaposimama, upumuaji wake na maumivu aliyo nayo. Kisha humpangia mazoezi yanayolingana na hali yake na kuyabadilisha kadiri anavyopata nafuu. Hutumia pia mikono, joto, barafu na magongo.

Watu wengi hudhani kwamba tiba hii ni kuchuliwa tu. Kuchua ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa hufanywa na mgonjwa mwenyewe, nyumbani, siku baada ya siku.

Kwa nini mfupa kuunga hakutoshi?

Mguu unapokaa ndani ya plasta kwa wiki kadhaa, misuli hunywea na viungo hukakamaa. Mfupa unaweza kuunga vizuri kabisa, lakini mwenye mguu akabaki akichechemea. Kwa dereva wa bodaboda au mchuuzi wa sokoni, goti lisilokunjika ni kipato kilichopotea. Ndiyo sababu mazoezi huanza mapema, mara daktari anaporuhusu: kwanza kuchezesha vidole na kukaza misuli ya paja, baadaye kukunja goti, na hatimaye kukanyagia mguu hatua kwa hatua.

Nani mwingine hunufaika?

Mgonjwa wa kiharusi huhitaji tiba hii mara hali yake inapotulia. Ubongo una uwezo wa kujifunza upya, na miezi ya mwanzo ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi. Kurudia kitendo kile kile, kama kushika kikombe au kuinuka kitini, huusaidia ubongo kutafuta njia mpya ya kuuamuru mwili. Jamaa wanaomhudumia waepuke kumwinua kwa kuuvuta mkono uliopooza, kwani bega lake hutenguka kwa urahisi.

Katika chumba cha wagonjwa mahututi, wataalamu hawa huwasaidia wagonjwa kutoa makohozi na kuwageuza ili wasipate vidonda vya kulalia. Wanawake wanaovuja mkojo baada ya kujifungua hufundishwa kuimarisha misuli ya nyonga. Watoto wenye mtindio wa ubongo hufunzwa kukaa na kutembea. Kituo cha Katalemwa, jijini Kampala, kinajulikana kwa huduma za aina hiyo.

Somo la mguu kifundo

Umuhimu wa kinachofanyika nyumbani huonekana wazi kwa watoto wanaozaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kuelekea ndani. Uganda ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizoeneza mapema njia ya daktari Ignacio Ponseti. Mguu hunyooshwa taratibu kwa mikono na kufungwa plasta, ambayo hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano au sita. Mara nyingi mshipa wa kisigino hukatwa kidogo. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma: karibu saa zote kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala hadi afikie umri wa miaka minne hivi. Wazazi wakiacha viatu hivyo mapema, mguu unaweza kupinda tena.

Mulago ina historia ya kazi hii. Katika miaka ya 1960, daktari wa mifupa Ronald Huckstep alihudumia hapo watoto wengi waliopooza kwa polio, akitumia vyuma vya miguu vya bei nafuu vilivyotengenezwa kwa vifaa vinavyopatikana nchini. Leo Hospitali ya CoRSU, iliyopo Kisubi katika barabara ya Entebbe, nayo huunganisha upasuaji na tiba ya viungo mahali pamoja.

Vikwazo na tahadhari

Uganda ilifuta ada katika vituo vya afya vya serikali mwaka 2001, lakini nauli ya kwenda na kurudi, na siku za kazi zinazopotea, huwafanya wengi waikatize tiba. Mgonjwa mwenye shida hiyo asinyamaze. Amwombe mtaalamu ampe mazoezi ya nyumbani na amfundishe jamaa mmoja kuyasimamia, ili safari za hospitali zipungue.

Wengine hukimbilia kwa waunga mifupa wa jadi. Banzi likikazwa mno huzuia damu, na vidole vikifa ganzi, vikivimba au vikibadilika rangi, lifunguliwe mara moja na mgonjwa apelekwe hospitali. Sheria ya Uganda ya mwaka 1996 inawataka wataalamu wa tiba ya viungo wawe wamesajiliwa. Ni haki ya mgonjwa kuulizia usajili huo.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi ni ya kawaida. Hata hivyo, maumivu makali yasiyopungua, uvimbe wa ghafla katika shavu la mguu au kupumua kwa shida ni dalili za hatari. Mgonjwa aache mazoezi na amwone daktari bila kuchelewa.