Kilimanjaro: Serikali Iliposema, Nani Alijibiwa?

Ukifungua ukurasa wa mtandao wa kijamii wa halmashauri nyingi nchini, cha kwanza kukutana nacho ni picha ya kiongozi akikagua jengo, wataalamu wakiwa nyuma yake, na chini yake maelezo marefu ya fedha zilizotolewa. Ukishuka kwenye maoni utakuta maswali: maji yatatoka lini, zahanati imekosa dawa kwa nini, barabara ya kijijini imetengewa fedha au la. Mara nyingi maswali hayo hubaki hapo hapo. Wapo wanaodhani huu ni ugonjwa ulioletwa na simu janja. Ni wa zamani zaidi. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kutoka Moshi mjini hadi Mkuu, makao makuu ya Wilaya ya Rombo, serikali imekuwa ikisema na watu kwa vyombo vya kila aina kwa zaidi ya miaka mia moja, na chombo kilipata uzito pale tu kilipobeba sauti za pande mbili.

Wachagga wa zamani hawakuishi kwa kusongamana. Kila ukoo ulikaa kwenye vihamba vyake, migombani, na habari ilipita sokoni, kwenye mabaraza ya mangi, yaani chifu, na baadaye kanisani, mahali ambapo aliyesikia aliweza pia kuuliza. Utawala wa Waingereza ukaleta karatasi. Mambo Leo, gazeti la kila mwezi la Idara ya Elimu lililoanza mwaka 1923, lilikuwa mali ya serikali na lilichujwa kama ilivyotarajiwa, lakini lilichapa barua na mashairi ya wasomaji, na naamini hizo ndizo zilizolipa uhai kuliko matangazo ya wakubwa. Upande wa kahawa mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1925 wakulima, akiwamo Joseph Merinyo, waliunda chama chao cha KNPA. Mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na chama cha ushirika cha KNCU, chini ya jicho la serikali, na mwaka uliofuata ikatoka amri kwamba kahawa yote ya Wachagga iuzwe kupitia chama hicho. Bei ilikuwa mbaya, watu wakawa wanahoji fedha zao zinaishia wapi, na malalamiko yakafika hadi mahakamani. Mwaka 1937 maghala ya kahawa yakavamiwa. Sisemi kwamba gazeti lingezuia vurugu zile. Bei ikianguka imeanguka. Ila mkulima aliyeamriwa bila kuelezwa alibaki na njia chache sana za kusikika.

Ndiyo maana kilichofuata kinastahili kutazamwa kwa makini. Mwaka 1951 Thomas Marealle alichaguliwa kuwa Mangi Mkuu, na mwaka 1953 Baraza la Wachagga likaanzisha gazeti lake, Komkya. Lilitumia Kiswahili, uamuzi wa busara kwa kuwa Mrombo na Mmachame wakizungumza kila mmoja Kichagga chake hawaelewani kwa urahisi. Halikuwa gazeti huru, kwani mwenye nalo alikuwa mtawala. Hata hivyo lilitoa nafasi kwa barua za wasomaji, na humo watu wakajadili maendeleo, mila na mamlaka yenyewe. Mwaka 1960 Wachagga walipiga kura na kwa wingi mkubwa wakachagua kuongozwa na rais badala ya Mangi Mkuu. Solomon Eliufoo akashika nafasi hiyo. Mtu anaweza kusema basi mjadala ulimwangusha aliyeufungulia mlango, na kiongozi wa leo afanye nini na funzo la namna hiyo? Jibu langu ni kulinganisha miaka miwili: 1937 hasira ilikwenda kwenye maghala, 1960 ilikwenda kwenye sanduku la kura. Kwa mtumishi wa umma anayejali utulivu, tofauti hiyo si ndogo.

Redio nayo ilifika, Sauti ya Dar es Salaam ikianza mwaka 1951. Mfano wake bora ulikuja baada ya uhuru. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 haikutegemea redio peke yake: watu wapatao milioni 2 nchini walikaa vikundi, wakasikiliza, wakabishana, wakachimba vyoo.

Mwaka 2017 mikoa na halmashauri za Tanzania Bara zilipata tovuti za mfumo mmoja, na kurasa za Facebook na Instagram zikaongezeka. Watetezi wa maafisa habari wasiojibu maswali humo wana hoja mbili nzito. Kwanza, wazee wengi wa Rombo hawana simu janja. Ni kweli, lakini wana watoto Dar es Salaam na Arusha ambao huuliza kwa niaba yao, na jibu hurudi nyumbani kupitia kundi la WhatsApp la ukoo. Pili, maoni hujaa matusi na siasa. Hilo nalo ni kweli, ila anayeuliza habari za maji katika wilaya yenye shida ya maji ya miaka mingi hajatukana mtu. Kuufunga mlango hakusaidii: mwaka 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini na intaneti ikakatwa wakati wa uchaguzi wa Oktoba, na maswali hayakuisha.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imeshampa mwombaji haki ya kujibiwa ndani ya siku 30. Swali lililoandikwa chini ya picha lipewe heshima hiyohiyo. Halmashauri za Rombo, Moshi, Hai na Siha zianze na jambo jepesi: kila mwezi zitangaze maswali mangapi yameulizwa kwenye kurasa zao na mangapi yamejibiwa.