Neno "Safari" na Mawindo ya Mwaka 1909

Neno "safari", lenye asili ya Kiarabu, kwetu ni mwendo wowote wa kutoka mahali kwenda pengine: uwe wa arusi, wa msiba, wa biashara au wa masomo. Katika lugha nyingi za kigeni, hata hivyo, maana yake imebanwa, likawa ni kwenda Afrika kuwinda au kutazama wanyama. Katika makala haya twapenda kuuchunguza msafara mmoja uliosaidia sana kulieneza neno hilo kwa maana hiyo.

Mwezi wa Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani mwezi uliotangulia, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Alikuwa na umri wa miaka 50, tena msasi wa siku nyingi huko kwao. Lakini katika Afrika alikuwa mwanafunzi, na waongozi wake walikuwa R. J. Cunninghame na Leslie Tarlton. Kwa gari la moshi alifika nyanda za Kapiti, na huko akaanza kuwinda nyumbu na swala. Wapagazi wake walizidi 200.

Mwaka 1887 Roosevelt alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa klabu ya Boone and Crockett, iliyotetea uwindaji wa haki: mnyama awe huru porini, awe na nafasi ya kuokoka, na msasi amfuate kwa ujuzi. Katika nyanda zilizo wazi nyumbu humwona mtu kutoka mbali. Kwa hiyo kanuni hiyo ilidai subira, kutambaa na kuujua upepo. Lakini ilihusu namna ya kuua kuliko idadi. Mpaka mwisho wa msafara baba na mwana walikuwa wameua wanyama 512, na ngozi na mifupa mingi ikapelekwa katika makumbusho ya Smithsonian.

Je, haki hiyo iliwafikia wanadamu? Wahenga walisema, msasi haogopi mwiba. Katika msafara ule miiba iliwachoma kwanza wapagazi, waliobeba hema, chumvi ya kuhifadhia ngozi, na chakula. Hata hivyo, watu hawa walikuwa na silaha yao, nayo ni lugha. Roosevelt aandika katika kitabu chake cha mwaka 1910 kwamba walimwita Bwana Mkubwa, na mwanawe wakamwita Bwana Maridadi. Aliyetazamwa kwa darubini ya wageni naye alikuwa akitazama, tena akitoa majina.

Ujuzi wa porini nao ulikaa katika majina. Waingereza wana neno moja la kuwakusanya wanyama hawa wote. Kiswahili chawatenga: swala, pofu, kuro, tohe, choroa, palahala, tandala, kongoni. Jina hili la mwisho limeingia hata katika Kiingereza. Mwongozi asiyeyajua majina haya angewezaje kuelewana na mfuata nyayo?

Msafara ulivuka Ziwa Viktoria ukaingia Uganda Desemba 1909, kisha ukafuata Mto Nile hadi Khartoum, ulikofika Machi 1910. Mwaka 1934 waongozi wa mawindo waliunda chama chao Nairobi, wakapigania sheria za kukataza kuua majike na kupiga wanyama karibu na magari au penye maji ya kunywa. Tanzania ilisimamisha uwindaji mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977, na chama kile kikavunjika.

Sisi walimu hatuna budi kulifundisha neno "safari" pamoja na historia yake. Mwanafunzi aelewe kwamba neno hilo halikuokotwa porini kama pembe ya nyumbu. Lilichukuliwa vinywani mwa watu waliokuwa wakitembea, wakibeba na kuongoza. Na mara nyingi majina yao hayakuandikwa kando ya yale ya wenye bunduki.