Plastiki Iliyogeuka Kahawia

Mtambo wa sola wa Carrisa Plains, California, ulikuwa haujatimiza hata miaka kumi paneli zake zilipoanza kuungua. Seli zilizotoka kiwandani zikiwa za buluu zilifunikwa na umanjano, kisha kahawia iliyokolea kama chai ya rangi. Mtambo huo, uliojengwa katikati ya miaka ya 1980 na ARCO Solar, kampuni tanzu ya wachimba mafuta wa Atlantic Richfield, ulikuwa na uwezo wa zaidi ya megawati 5, na wakati huo hapakuwa na mwingine wa aina yake uliouzidi ukubwa duniani. Umeme wake ukawa unapungua mwaka hadi mwaka.

Seli zenyewe hazikuwa na kosa. Silikoni haichakai upesi. Kilichobadilika ni plastiki angavu inayoigandisha seli kwenye kioo na kuizuia isipate unyevu.

Plastiki hiyo, EVA, ambayo wengi huikanyaga kila siku kwenye soli za viatu vya michezo, iliingia kwenye paneli kwa sababu ya bei. Baada ya msukosuko wa mafuta wa 1973, serikali ya Marekani iliipa maabara ya JPL ya Pasadena kazi ya kutafuta paneli za bei nafuu, na mradi ukaanza 1975. Vifunikio vya awali vilikuwa ghali, na vingine vilikuwa laini kiasi kwamba vumbi lilivinata. Maabara ya Springborn, huko Connecticut, ikatengeneza EVA iliyochanganywa na viambato kadhaa: peroksidi ya kuikaza inapopashwa moto, na kemikali ya kunyonya miale ya urujuanimno. Viwanda viliipokea kwa mikono miwili.

Huko Carrisa wahandisi walitaka umeme mwingi zaidi kwa kila paneli. Paneli zikawekwa juu ya mitambo inayolifuata jua, na nyingi zikapewa vioo vya kuakisi ubavuni ili zipate mwanga wa ziada. Mwanga ulikuja na joto lake, na hapo ndipo kahawia iliposhika kwelikweli. Watafiti wa NREL, maabara ya taifa ya nishati jadidifu huko Colorado, waliichambua kwa miaka mingi. Mabaki ya peroksidi yalikuwa yakiila ile kemikali ya kinga. Ikiisha, EVA inakatikakatika na kutoa asidi ya asetiki, ile ile inayoipa siki ukali, ambayo huanza kutafuna nyaya nyembamba za metali juu ya seli. Kingo za kila seli, hata hivyo, zilibaki safi. Oksijeni iliyopenya kutoka mgongoni mwa paneli ilikuwa ikiifuta rangi pale ilipofika, kwa hiyo hewa, ambayo kwa kawaida huharibu plastiki, safari hii ilikuwa tabibu.

Watengenezaji walibadili mchanganyiko, na baadhi wakatumia kioo chenye seriamu kinachozuia sehemu ya urujuanimno.

Tatizo likahamia mgongoni. Kuanzia mwaka 2010 hivi, paneli nyingi zilifungwa nyuma kwa karatasi ya poliamidi badala ya plastiki ghali zaidi zenye florini. Zilifaulu mtihani wa kawaida wa saa 1,000 katika nyuzi 85 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 85. Nje, baada ya miaka michache tu, zikapasuka. Mtihani ule ulipima joto na unyevu bila jua, ilhali juu ya paa vyote hivyo huja pamoja.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba plastiki ndiyo huamua maisha ya paneli uko Lugano, Uswisi. Tarehe 13 Mei 1982 paneli 288 za ARCO Solar ziliunganishwa huko na gridi ya taifa, zikiwa za kwanza kufanya hivyo barani Ulaya. Hizi hazikuwa na EVA bali PVB, plastiki inayoshikilia vioo vya mbele vya magari. Zilipopimwa baada ya miaka 35, nyingi zilikuwa bado zinatoa zaidi ya asilimia 80 ya nguvu zake za awali, lakini nyingine zilikuwa zimechoka vibaya. Aina ilikuwa moja, paa moja, jua moja. Kiwanda kilikuwa kimenunua PVB kwa wauzaji watatu tofauti, na kila muuzaji alikuwa na mchanganyiko wake.